Kanali Niliyempelekea Maziwa

Alinijua kwa mlio wa ndala. Nikiwa bado kule kwenye ghala bovu la pamba, kabla sijalifikia geti lake la mabati, alikuwa ananisemesha kutoka ndani kwa sauti ya kawaida, kama mtu tuliyekaa naye meza moja. "Maziwa, leo umechelewa." Namjibu kutoka barabarani, na watu wanaopita wananitazama nikiongea na ukuta.

Nilimpelekea lita moja kila asubuhi kwa miaka mitano. Mtaani kwetu hapa Bariadi wengine walisema ni brigedia, wengine walisema ni meja tu aliyejipandisha mwenyewe baada ya kustaafu. Mimi nitamwita Kanali, kwa sababu siku moja lilikuja gari la rangi ya udongo, dereva akashuka, akapiga mguu chini na kusema, "Kanali, wamenituma." Hiyo niliiona. Kwamba kazi yake ilikuwa upelelezi wa jeshi, hiyo kwanza niliambiwa, na baadaye alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, wakati nikimimina maziwa kwenye sufuria yake.

Niseme mapema shida niliyokuwa nayo kwake, ili isije ikaonekana namsema mtu bure. Mdogo wangu Maduhu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alinunua Lamadi, kando ya ziwa, akavusha mipaka kupeleka magharibi, huko watu walikokuwa wanapigana. Safari moja alikwenda hakurudi. Hakukuja barua, hakukuja mwili, na simu yake haikupatikana tena. Mama alikataa kuweka msiba. Alisema kumlilia mtu bila neno la aliyemwona ni kumuua kwa mdomo. Basi tukakaa hivyo, hatulii na hatucheki sawasawa. Kanali alihamia hapa mwaka wa pili baada ya hapo, na polepole nikaanza kuamini kwamba yeye anajua. Nilichotaka kwake ni neno moja, kama Maduhu yuko hai au amekufa.

Mimi nimeishia darasa la saba. Kuandika kwangu ni kwa daftari la mistari, na sina uhakika kama nimempima mtu huyu kwa haki. Nitajaribu.

Hakuwa na jina la mtu mdomoni. Mimi nilikuwa Maziwa, muuza nyanya alikuwa Nyanya, fundi wa paa alikuwa Bati. Mwenyekiti wa mtaa alimwita Muhuri, na Muhuri alikasirika siku za mwanzo. Akaja kulalamika kwangu, eti kwa kuwa mimi naingia mle ndani.

"Mwambie huyo mzee wako mimi nina jina. Nilibatizwa."

"Mwambie mwenyewe, baba. Geti hilo hapo."

Hakwenda. Hakuna aliyekwenda kwa Kanali kumwambia jambo bila kuitwa, ingawa sijawahi kumsikia akimgombeza mtu. Alikuwa mpole mno, na upole wenyewe ndio uliotutisha. Akikuuliza habari za nyumbani anakungoja umalize, hata ukinyamaza anaendelea kungoja, mpaka unasema jambo la ziada ambalo hukukusudia. Mara nyingi nimefika nyumbani nikajiuliza, hivi kwa nini nimemwambia yule mzee kwamba shemeji yangu amepeleka ng'ombe Kalemela?

Ukimpa habari yoyote, hata ya mvua, aliuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, anauliza na nani, na huyo naye alikuwa wapi. Mwanzoni ilinichosha. Baadaye na mimi nikaanza kuweka alama kwenye daftari langu, herufi o kwa niliyoyaona, a kwa niliyoambiwa. Nilishangaa jinsi kurasa zilivyojaa a.

Kuhusu kazi yake alieleza mambo ambayo sikuyategemea. Nilifikiri upelelezi ni bunduki na kujificha. Alisema miaka ya kwanza alikaa na vifaa masikioni akisikiliza redio za watu wa upande wa pili mpakani, na alichojifunza ni kikohozi. Wale watu walibadilisha majina na maneno yao kila wiki, lakini kila mmoja alikuwa na kikohozi chake, na huwezi kukibadilisha. Akapanda cheo kwa ajili ya vikohozi. Baadaye akapewa watu wa kuwatuma, na mwishoni akapewa meza ambayo karatasi za watu wengine waliotumwa zilifikia. "Bunduki nilibeba mafunzoni tu," alisema. "Mimi nilibeba watu."

Alisoma soko kama wengine wanavyosoma gazeti. Siku za mnada alinituma niulize bei za mbuzi, za choroko, za chumvi, halafu anahesabu kitu kichwani. Alisema bei ya ng'ombe ikipanda mpakani bila sikukuu na bila ukame, ujue kuna watu wengi wamejificha wanakula. Aliwahi kuandika hivyo kwa wakubwa wake na hawakumsikiliza, na baada ya wiki chache watu wa kijiji fulani walikufa. Hakutaja kijiji. Alisema tu, "Nilikuwa sahihi," na sikuwahi kuona mtu akisema neno hilo kwa uso wa namna ile.

Kulikuwa na harusi ya mtoto wa Muhuri. Kanali alikaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, akala, akacheza kidogo na wamama, mimi mwenyewe nikamletea soda mara mbili. Mkanda wa video ulipotoka, wanawake tulikusanyika kuutazama. Hakuwemo. Tuliona kiti chake, chupa yake ya soda ikipungua kutoka picha moja hadi nyingine, na sisi wenyewe tukicheka tukielekea upande ule. Yeye hakuwemo.

"Mayu, mama yangu, yule ni jini," muuza nyanya akasema.

"Jini gani anakula pilau sahani mbili?"

"Ndiyo majini wenyewe hao. Wanadamu tunashiba moja."

Tulicheka, kisha hatukucheka. Ili nimtendee haki, mpiga picha alikuwa kijana mzembe, bibi harusi mwenyewe alikatwa kichwa mara nyingi. Na huenda mtu aliyejikwepesha na kamera maisha yake yote anajua tu pa kugeukia. Hata hivyo ile chupa inayopungua siipendi kuikumbuka.

Kisa cha ng'ombe wa mjane ndicho kilichofanya watu waanze kupita mbali na geti lake. Ng'ombe saba waliibwa, nyayo zikapotea kwenye mto mkavu. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakamfuata Kanali, wazee watatu na filimbi zao.

"Afande, hii ndiyo kazi yako."

"Kazi yangu iliisha," akasema. Lakini alikwenda mkutanoni, darasani shule ya msingi, akakaa kwenye dawati la watoto. Aliuliza watu watatu swali mojamoja. Mmoja alimuuliza gurudumu la mkokoteni wake lilivunjika saa ngapi. Wa pili alimuuliza nani amenunua chumvi ya mawe wiki ile. Wa tatu alimuuliza mbwa wake anaendeleaje. Kisha akasema "Basi," akanyanyuka, akaenda zake. Kesho yake asubuhi ng'ombe wote saba walikuwa wamesimama kwenye zizi la mjane, wametulia, na mlango wa miti umefungwa kwa nje. Hakuna aliyeona walivyorudi.

Watu walimsifu. Ila siku hiyohiyo kijana mmoja jirani yetu alikimbilia Maswa na hakurudi tena. Ilikuja kujulikana kwamba hakuhusika hata kidogo. Aliogopa tu kwamba zamu yake ya kuulizwa ingefika. Nilipompa Kanali habari hizo aliweka kikombe chini, akasema, "Ndiyo maana sikutaka kwenda." Naandika yote mawili, ng'ombe waliorudi na kijana aliyeondoka, kwa sababu yote mawili yalitokea.

Na mtu huyohuyo aliuziwa mbuzi mgonjwa mara mbili na mtu mmoja. Mara ya pili nilikuwepo. Nilimwambia, Mzee, huyu si ndiye wa juzi, na mbuzi huyu si anakohoa. Akalipa. Tulipokuwa wawili akaniambia, "Nimesikiliza watu maisha yangu yote, Maziwa. Sasa nataka nidanganywe kidogo." Yule mbuzi alikufa baada ya siku nne na Kanali akamchimbia shimo refu mno, la kumtosha mtu.

Sasa nije kwa nini niliamini. Mwanamke mmoja wa Lamadi aliyefanya biashara pamoja na Maduhu aliniambia kwamba Maduhu alikuwa na simu ya pili, ndogo, na alipovuka mpaka alikuwa anahesabu magari na watu wenye silaha, anampelekea hesabu hiyo mkubwa mmoja wa jeshi. Hiyo ni a. Nilikaa nayo mwezi mzima, kisha nikamuuliza Kanali waziwazi kama alimfahamu mdogo wangu.

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Na mwenzake wa Lamadi."

"Basi hujui," akasema, na kwa wiki mbili baada ya hapo hakunisemesha kutoka ndani. Nilimimina maziwa, nikaondoka.

Nilidhani nimemsingizia. Nilichukua daftari nikapitia mambo yote aliyowahi kunishangaza kwa kuyajua, na niliona aibu. Kila jambo nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe, kipande Jumatatu, kipande Alhamisi. Hakuwa mchawi. Alikuwa na masikio, na mimi nilikuwa na mdomo. Nikapiga mstari, nikaandika chini yake: mzee hana kosa.

Halafu masika ikaja. Asubuhi moja chura mkubwa aliruka kutoka kwenye ndoo yake, nikapiga yowe na maziwa nusu yakamwagika. Kanali alicheka, na ilikuwa nadra. Akasema, "Na wewe vilevile."

Nilifika mpaka ghalani ndipo nikasimama. Vilevile kama nani? Katika nyumba yetu aliyeogopa vyura ni mmoja tu. Maduhu, mwanaume mzima, mwenye ndevu, alikuwa hapiti njia yenye chura. Tulimfichia hilo hata kwa wakwe zake. Nilipekua daftari lote, kurasa za miaka yote, nikiomba nikute mahali nilipomwambia Kanali. Sikukuta.

Sikumuuliza tena. Niliogopa kwamba nikimuuliza vibaya atafunga, na mlango ulikuwa huo mmoja tu. Nikaendelea kupeleka maziwa. Yeye naye nadhani alijua kwamba najua, maana tangu siku ile aliacha kunitazama usoni. Tulikaa hivyo karibu mwaka.

Aliyevunja ukimya huo ni mtoto. Binti yangu Kabula alijifungua mtoto wa kiume nyumbani kwangu, na kuanzia siku ya tatu mtoto alilia. Hakulia kwa njaa, alinyonya vizuri. Zahanati walimpima, hana homa, wakasema ni gesi, wakatupa dawa. Wiki ya tano alikuwa bado analia, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake.

Mama alisema anadai jina. Kwetu mtoto mchanga huja na mtu wake katika waliokufa wa ukoo, na asipoitwa kwa jina la huyo hatulii. Mama akamweka mapajani, akaanza kumtajia. Alimtajia mababu, mashangazi, hata watoto waliokufa wadogo. Baada ya kila jina mama alisita ili amsikilize mtoto. Mtoto alilia mpaka majina yakaisha.

"Bibi, limebaki moja," Kabula akasema.

"Hilo sitaji."

"Mtoto wangu anakauka kwa kulia."

"Jina la mtu aliye hai hapewi mtoto. Ni kumwambia mwenyewe huko aliko kwamba tumeshamfukia. Nikilitaja na Maduhu yuko njiani, atafia njiani." Kisha akanigeukia. "Wewe unakwenda kwa yule mzee kila siku. Miaka yote hiyo unapeleka nini, maziwa tu?"

Mganga aliyefuatwa alisema kama mama. Kanisani wakasema tumbatize tu na tuache hofu. Mimi sijui nani yuko sahihi. Najua kwamba mama alikuwa haamki mpaka amsikie mtoto, na halali mpaka amsikie, na kwamba sikio lake jingine lilikuwa kwa mwanawe.

Kanali wakati huo alikuwa ametoka hospitali Mwanza, miguu imevimba, mwanamke mmoja wa ukoo wake anamwangalia. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua dumu, nikaenda. Mtoto alilala njiani, kimya kabisa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilikuta Kanali amekaa barazani juani, amevaa sweta la jeshi kwenye joto lile. Alikuwa akitazama geti kabla sijalisukuma.

"Maziwa," akasema. "Leo mmekuja watatu."

"Wawili, Mzee. Mimi na mjukuu."

Alitazama nyuma yangu kwa muda, akasogeza kichwa kando kidogo kama mtu anayempisha mwingine apite. "Haya," akasema.

Yule mwanamke alinieleza baadaye kwamba dawa zake zilikuwa zinamwonyesha vitu. Naliandika hilo kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu pale barazani sikuweza kugeuka nyuma.

"Wa binti yako huyo?"

"Ndiyo, Mzee. Hana jina bado."

Mtoto akaamka, akaanza. Kanali alimsikiliza akiwa amefumba macho, nadhani kama alivyowasikiliza wale wa redioni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilimwambia sikuja kuuliza mambo ya serikali. Sitaki kujua ni wapi, sitaki kujua ni akina nani. Nataka kujua kama mama yangu anamngoja mtu.

"Mmemtajia wote?"

"Wote, kasoro mmoja."

Alifumbua macho, akamtazama mtoto.

"Mpeni hilo," akasema. "Mwenyewe hana kazi nalo tena. Niliona. Sikuambiwa."

Nilishika nguzo ya baraza. Nikamuuliza kama ni yeye aliyemtuma.

"Ndiyo. Alisema hataki tena, ana mama. Nikamwambia ni safari moja tu. Nilivuka mwenyewe kumtafuta, nikamkuta. Nikamfukia kwa mikono yangu, kwa sababu hakuwa kwenye karatasi yoyote. Nilipostaafu nikaja hapa ili niwaambie. Asubuhi ya kwanza ulisimama hapo ulipo, ukaniuliza nataka lita ngapi. Nikasema moja."

Hakuomba msamaha. Labda aliona hauna wa kuutoa, labda hakujua unaombwaje. Nilitaka kumchukia palepale na nilishindwa kujua pa kuanzia, maana mtu aliyempeleka ndugu yangu kufa ndiye pia mtu pekee aliyemzika. Nilimimina maziwa yake kwenye sufuria, mikono yenyewe ilishazoea, nikatoka.

Njiani nilibishana na nafsi yangu. Huyu ni mgonjwa aliyetuhesabu watatu. Ni mtu aliyelishwa maisha yake yote na kazi ya kufanya wengine waamini. Je, kama ameota? Je, kama amechoka na mlio wa mtoto na ametaka niondoke? Nikitaja jina na Maduhu yuko hai, nitakuwa nimefanya mimi kile ambacho mama alikikataa miaka yote. Nilijiuliza hadi nikaona bati la nyumba yetu, na jibu nililokuwa nalo ni uso wa yule mzee aliposema ana mama.

Mama alikuwa uani, anapepeta choroko. Kabula alikuwa anafua. Hakuna aliyeniuliza kitu, mtoto alikuwa akilia kwa nguvu mno hata tusingesikilizana. Nilimfungua mgongoni, nikamshika mbele yangu, nikamwita. Sikuita kwa sauti kubwa. Nilisema, "Maduhu."

Mama alitupa ungo. Choroko zilimwagika ua mzima. Alinipita bila kunitazama, akatoka mpaka njiani, mkono juu ya macho, akatazama upande wa Lamadi, kisha upande wa mjini, kisha tena upande wa Lamadi, akitafuta nani amekuja.

Ndipo akasikia kwamba mtoto amenyamaza.

Alisimama pale njiani, mgongo ukiwa kwetu. Kabula aliweka nguo chini. Baada ya muda mama alirudi, akikanyaga choroko zake, akampokea mtoto mikononi mwangu, akamtazama usoni sana, na akaanza kulia yeye.